Hata Inchi Moja

Kufikia katikati ya Julai hapakuwa na ua katika kata ya Nordby usiokuwa na bango la Verlyn Aamodt. Lilikuwa bango jekundu, herufi zake nyeupe na kubwa, za kusomwa hata na mtu aliye juu ya trekta: AAMODT. HARUDI NYUMA HATA INCHI MOJA. Lilisimama mbele ya kanisa la Kilutheri. Lilisimama kwenye kona ya ghala la nafaka. Lilisimama hata mbele ya nyumba ya Orrin Skogstad, ambaye ndiye hasa aliyekuwa akishindana na Verlyn katika kura ya mchujo ya chama chao. Verlyn alimgongea mlango na kumkabidhi bango mkononi. Orrin, mtu mzima wa miaka sitini na ushee, akasema asante, akaomba radhi kwamba nyasi zake zimerefuka mno, kisha akalichomeka mwenyewe.

"Hata Orrin!" Verlyn alimwambia mkewe jioni ile, akivua buti mlangoni. "Marlys, jamaa amenywea. Kalipokea kwa mikono miwili."

"Kwani ulitaka akufanyeje?" Marlys aliuliza. "Akupige nalo?"

"Angekuwa na msimamo angekataa."

"Verlyn, tangu lini hapa mtu akakataa kitu mlangoni? Yule muuza mashine za kusafishia mazulia alipopita, shoga yangu Ardis alinunua mbili. Na nyumba ya Ardis haina zulia."

Verlyn akacheka, akaenda kunawa mikono. Alidhani ule ni utani.

Watu wa Nordby, Mungu awape maisha marefu, hawajui kusema hapana. Ukiwakaribisha kitu hukataa mara mbili kwa adabu, na mara ya tatu wanapokea, hata kama ni kitu cha kutupwa. Magari mawili yakikutana njia panda, kila dereva humpungia mwenzake apite kwanza, wakabaki hapo wakipungiana mpaka atokee wa tatu asiye na subira. Kipande cha mwisho cha keki hakiliwi na mtu. Hukatwa nusu, na ile nusu ikakatwa nusu, mpaka kilichobaki hakimtoshi hata sisimizi. Na mtu akiwaudhi kweli kweli, akawaudhi mpaka mishipa ikawasimama, humtazama, wakavuta pumzi na kusema, "Haya, hayo nayo mapya." Hakuna tusi zito kuliko hilo. Sasa, katikati ya watu wa namna hii, Verlyn alikuwa amesimama kuomba kiti cha Bunge la jimbo kule St. Paul, makao makuu ya jimbo, kwa kujigamba kwamba yeye hatampisha mtu yeyote.

"Mke wa mchungaji kaniambia hotuba yangu ina mapya," Verlyn alisema kutoka bafuni, sauti imejaa furaha. "Kasema, 'Haya, Verlyn, hayo nayo mapya.' Unaona? Watu wamechoka na ya zamani."

Marlys alifumba macho. Mumewe alizaliwa Nordby, akakulia Nordby, na miaka yote alielewa maneno yale kama mtu mwingine yeyote. Sasa alikuwa anavikwa kilemba cha ukoka na kutembea nacho barabarani kifua mbele.

Hakuwa hivyo zamani. Alikuwa muuza mbegu na fundi wa mashine za kuvunia, mtu wa kuamka alfajiri kusafisha theluji kwenye njia za majirani kabla hajasafisha ya kwake. Kisha akapasuliwa goti. Majira ya baridi yote alikaa kitini na simu mkononi, na ndani ya simu akawakuta Safu ya Chuma. Hawa walikuwa kundi ndani ya chama, watu wa kufoka, waliosema kwamba kujadiliana ni ugonjwa, kuomba radhi ni udhaifu, na yeyote anayekunywa kahawa na watu wa chama cha pili ni msaliti. Walimu, kwa mujibu wao, walikuwa adui wa ndani. Goti lilipona. Verlyn hakupona.

Mume wa binti yao Britta alikuwa mwalimu. Siku ya Pasaka, mezani, mbele ya wajukuu, Verlyn alimwita yule kijana adui wa ndani. Mkwe aliweka uma wake chini taratibu, akamshukuru Marlys kwa chakula, akapokea mfuko wa nyama aliofungiwa kwa sababu hakuweza kuukataa, wakaondoka. Tangu siku ile Britta hakukanyaga tena pale, wala hakupokea simu ya baba yake.

Marlys alitaka mume wake arudi. Hilo tu, hakutaka lingine. Verlyn akishinda, atakwenda St. Paul na Safu ya Chuma, na hata akilala naye kitanda kimoja atakuwa amekwenda moja kwa moja. Akishindwa, huenda akarudi. Basi kiangazi chote mke wa mgombea alizunguka na sinia za keki kwenye mikutano, akitabasamu jukwaani kando ya mumewe, huku moyoni akimwomba Mungu aanguke vibaya. Jambo kama hilo huwezi kumwambia mtu, na mumewe ndiye wa mwisho kuambiwa.

Mtu wa karibu kuliko wote alikuwa Ardis, na Ardis alikuwa mke wa Orrin. Jumapili moja walijikuta wawili peke yao katika chumba cha chini cha kanisa, baada ya ibada, wakitazama kipande cha mwisho cha keki ya limau.

"Bango lenu imara, shoga," Ardis alisema. "Upepo wa juzi haukulitikisa."

"Verlyn alichagua vyuma vizito."

"Naona. Mbwa wetu analipenda. Kila asubuhi lazima alipitie kwanza."

Marlys aliuma mdomo asicheke kanisani. Ardis akachukua kisu, akakata kile kipande nusu, akamsogezea sahani. Marlys akaikata ile nusu.

"Orrin hasemi kitu," Ardis aliendelea, "lakini namwona bandani anaifuta ile mashine ya soseji. Julai, Marlys! Nani anafuta mashine ya soseji Julai?"

Orrin na Verlyn walitengeneza soseji pamoja kila Novemba, baada ya msimu wa kuwinda paa, tangu walipokuwa vijana wenye nywele. Novemba iliyopita Verlyn hakwenda. Orrin alikuwa kwenye baraza la kaunti, na alifanya kosa kubwa: alikubaliana na watu wa chama cha pili kutengeneza paa la shule lililokuwa likivuja.

Marlys alitazama mlangoni, kisha akauliza swali ambalo pale Nordby ni sawa na kuvua nguo hadharani. "Ardis, nikuulize kweli. Watu watampigia kura Verlyn?"

Ardis akawa mwekundu hadi masikioni. Akaikata robo ya keki.

"Watu wanampenda sana Verlyn," alisema hatimaye. "Sana tu. Tangu zamani."

Marlys alielewa, akapata nafuu aliyoionea haya.

Juma la mwisho kabla ya kura alikuja Chase Holloway. Huyu alikuwa mshauri aliyetumwa na Safu ya Chuma kutoka mbali, mwenye meno meupe mno na viatu visivyowahi kukanyaga matope. Marlys alimkaribisha kahawa. Akasema hapana, na akamaanisha, mara ya kwanza tu. Marlys alibaki ameshika birika, hajui aliweke wapi.

"Mzee, tunakwenda kummaliza," Chase alisema, akitandaza kadi juu ya meza ya jikoni. Zilikuwa na picha ya Orrin iliyotiwa giza, macho yamekodolewa, na juu yake maandishi mekundu: MSALITI ANAYEWAUZA WATOTO WETU. "Jumamosi zinaingia kila sanduku la barua katika kaunti nzima. Sema neno tu, zinaondoka."

Marlys hakutaka kuiangalia mara ya pili. Aligeukia dirisha. Nyuma yake kimya kilirefuka mpaka akaanza kutumaini.

"Zitumeni," Verlyn alisema.

Alipogeuka, mumewe alikuwa akiitia kadi moja kwenye mfuko wa shati, na Chase alikuwa akimpigapiga mgongo. Marlys alitoka, akaenda bustanini, akapiga magoti katikati ya matuta ya maboga kana kwamba anapalilia, akalia kwa hasira. Alikuwa amengoja miaka miwili mtu yule agutuke mwenyewe. Alipoinuka, magoti yana udongo, alikuwa amekata shauri. Atapiga kura dhidi ya mume wake, na siri hiyo atazikwa nayo.

Kadi zilifika Jumamosi. Jumapili, baada ya kanisa, Verlyn alikaa barazani, akaona magari yanapita moja baada ya jingine kuelekea kwa Skogstad. Kila dereva aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani kumsalimu, kama ilivyo desturi, wala hakupunguza mwendo. Kwenye kiti cha pembeni cha kila gari palikuwa na bakuli la kuokea lililofunikwa karatasi ya fedha.

"Kwa Skogstad kuna msiba?" aliuliza.

Marlys aliyajua mabakuli yote, na aliyajua yaliyomo: nyama ya kusaga, uyoga wa kopo, viazi vidogo vya kukaanga vimepangwa juu kwa mistari. Kwao hicho ndicho chakula cha kupeleka kwa mfiwa. Nordby nzima ilikuwa inampelekea Orrin Skogstad chakula cha matanga, naye yu hai na mzima.

"Naona kama kuna msiba, ndiyo," alijibu.

Verlyn hakuuliza wa nani. Alikaa pale barazani mpaka kahawa yake ikapoa, akaingia ndani bila kuinywa.

Jumanne ya kura, ukumbi wa kata, ambao kwa kura za mchujo za Agosti huwa una wasimamizi watatu na nzi, ulikuwa na foleni mpaka barabarani. Wakulima walikuwa wameacha shayiri zao mashambani. Wazee waliletwa wakiwa na mikongojo yao. Watu ambao Marlys hakuwahi kuwaona kwenye kura ya mchujo tangu azaliwe walisimama juani, kofia mkononi, na Verlyn alipopita kila mmoja alimwambia, "Kila la heri, Verlyn."

"Mmeamka wote leo," Verlyn alisema.

"Hali ya hewa nzuri," mmoja akajibu, na wenzake wakaafiki kwamba kweli, hali ya hewa ni nzuri.

Mume na mke waliingia kwenye vibanda viwili vilivyopakana. Marlys aliusikia mguno wa Verlyn alipokuwa akiinama kwa sababu ya goti. Miaka thelathini na minane alikuwa hajamficha mtu huyu kitu kikubwa kuliko zawadi ya Krismasi, na sasa alikuwa amesimama hatua moja tu kutoka kwake, akitia wino kwenye kiduara cha Orrin Skogstad. Alijiona mwizi. Alikijaza kiduara vizuri hata hivyo, mpaka kingoni, akatoka.

Verlyn alichelewa kutoka. Alipotoka alikuwa mwekundu shingoni, na alisahau kuchukua ile stika ya kuonyesha kwamba umepiga kura, ambayo kila mwaka huing'ang'ania kama mtoto.

Matokeo hayakuchukua muda. Jua lilikuwa halijazama sawasawa wakati walipokusanyika ukumbi wa maveterani kutazama namba ukutani, na namba zilikuwa aibu tupu. Safu ya Chuma walikuwa na wagombea kila mahali, wa baraza la kaunti, wa usherifu, wa bodi ya shule, wa kaunti jirani, na wote walipigwa chini mmoja baada ya mwingine, kimyakimya, na watu waliokuwa na mabango yao uani. Verlyn alipigwa kuliko wote. Chase Holloway alimpa karatasi akasome kwenye kipaza sauti.

"Sema kura zimeibwa," alinong'ona. "Usikubali. Hatukubali sisi."

Verlyn alisimama. Aliitazama ile karatasi, akaikunja.

"Orrin ameshinda," alisema. "Asanteni kwa kuja. Keki bado nyingi, tafadhali msimwache Marlys azirudishe nyumbani."

Chase aliondoka kabla kahawa haijamiminwa. Watu walisimulia hilo kwa muda mrefu kuliko walivyosimulia matokeo.

Asubuhi yake kulikuwa na kazi ya kukusanya mabango. Mgombea huyakusanya mwenyewe, ni adabu. Marlys aliendesha gari la mizigo, Verlyn akashuka kila ua. Na kila ua mlango ulifunguliwa, wakatoka kumsaidia kung'oa.

"Pole sana, Verlyn. Tulijitahidi."

"Haya mambo, mtu hawezi kujua."

"Tulifanya tulivyoweza, bwana. Chukua mkate huu wa maboga. Chukua. Chukua, nimetengeneza miwili."

Nyuma ya gari palijaa mabango, na kiti cha katikati kilijaa mikate. Verlyn aliwashukuru wote kwa sauti ndogo. Marlys alimwibia jicho, hakuweza kumsoma. Halafu walipinda kona, akauona ukumbi wa kata, na juu ya mlango wake karatasi nyeupe, na damu ikamwishia usoni.

Karani wa kata huyabandika matokeo ya Nordby peke yake, mlangoni, asubuhi baada ya kura. Marlys alikuwa amelisahau hilo kabisa. Nordby ni watu wachache wanaojuana mpaka viatu. Kama Verlyn amepata kura tano, au tatu, au hata mbili, hakuna neno, mke wake atajificha humo. Lakini ikiwa ni moja? Moja itakuwa yake mwenyewe. Na ikiwa ni yake, ya mkewe iko wapi? Mungu wangu, Marlys aliomba, awepo japo mmoja. Mlevi yeyote, asiyeona vizuri.

"Bango la hapa tuliache," alisema. "Tutalirudia. Mikate itaharibika na joto hili."

"Mkate utaharibikaje, Marlys?" Verlyn alikuwa ameshafungua mlango.

Aling'oa bango lililokuwa kando ya barabara. Kisha, badala ya kurudi, akapanda ngazi za ukumbi, akachechemea hadi mlangoni na kusimama. Alisimama sana. Marlys alizima injini. Alimwona mgongo tu, na shati lake la kazi, na ule mkono unaoshikilia bango ukishuka polepole. Basi ni moja, akajua. Alishuka garini akamfuata, kwa sababu kumwacha asimame pale peke yake na kura yake moja kulikuwa ukatili uliompita uwezo.

"Verlyn," alianza, "nisikilize, mimi..."

Verlyn alisogea apate kuona. SKOGSTAD, 94. AAMODT, 0.

Marlys alisoma. Akasoma tena, akafuata mstari kwa kidole asije akakosea safu. Hesabu yenyewe ilikuwa ndogo, mtoto wa chekechea angeiweza, lakini ilimchukua muda kuimaliza. Alipoimaliza aliinua macho, akakuta mumewe anamtazama, naye ameimaliza.

"Wewe pia?" Marlys alisema.

"Na wewe," akasema Verlyn.

Kwa mbali trekta lilipita, dereva akainua kidole kimoja. Wote wawili wakamwinulia chao.

"Ile picha ya kwenye kadi," Verlyn alisema. "Ilipigwa siku ya soseji, mwaka juzi. Nilikuwa nimesimama naye. Wamenikata mimi, ila mkono umebaki. Uko pale begani kwake, na hiki kidole changu kilichofupishwa na mashine kinaonekana kabisa. Msaliti, wameandika, na mimi nimemshika bega."

"Ukawaambia wazitume."

"Nikawaambia wazitume." Uso ulimkunjamana. "Yule bwana alikuwa ametoka mbali na makadi yake yote. Niliona vibaya kumwambia hapana."

Marlys alitaka kumpiga, akataka kumkumbatia, mwishowe akacheka, kicheko kikubwa kisichofaa mahali pa serikali, huku machozi yakimtiririka. "Harudi nyuma hata inchi moja!" alisema. "Verlyn Aamodt, mjinga we!"

"Na wewe je? Ulikosa nini kwangu?"

"Nilikukosa wewe. Nilitaka urudi nyumbani. Nimekwambia kila siku miaka miwili, husikii, nikaona nikwambie kwa kura."

Verlyn alikaa kwenye ngazi taratibu, kwa ajili ya goti, bango mapajani. Alivuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo na bado hajauzoea mgongo mtupu.

"Britta atapokea nikimpigia?" aliuliza.

"Yako hatapokea. Yangu atapokea."

Marlys alipiga, akangoja hadi aliposikia sauti ya binti yake, kisha akaitia simu mkononi mwa mumewe bila kusema neno. Verlyn aliishika kwa mikono miwili.

"Ni baba," alisema. "Usikate. Nina maneno ya kumwambia mumeo, nitayasema kwake mwenyewe akikubali. Lakini kwanza nikwambie habari. Hapa kwetu nimepata kura sifuri."



"Sifuri kabisa?" Britta aliuliza. "Hata mama?"

"Hata mama," Verlyn alisema. "Hata mimi."

Sauti iliyotoka kwenye simu ilikuwa ya kulia au ya kucheka, hawakuweza kuitambua, na Verlyn akaisogeza simu katikati yao ili na Marlys asikie.